Hema Letu Nyuma ya Hatta

Athmani, ndugu yangu,

Nimekwenda. Usianze kucheka. Nimekwenda bondeni peke yangu, nimelala huko, nimerudi salama, na gari sijalikwaruza popote isipokuwa chini pale, kwenye lile jiwe ambalo hata wewe ulikuwa unalikwaruza kisha unaisingizia barabara. Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu getini, hapa Mirdif, Dubai. Mchanga bado umo masikioni, na ndege zinapita juu ya paa kama kawaida yake. Zamani nilikuwa sizisikii. Tangu walipokupakia kwenye moja ya hizo ndege kukurudisha Mombasa, nazisikia zote.

Nikupe habari kwanza, maana wewe ulikuwa unauliza habari kabla ya kujibu salamu. Ile treni tuliyokuwa tunazibeza nguzo zake, sasa inakwenda, na watu wanaipanda bila shughuli yoyote, waione tu. Lakini winchi za majengo nyingi zimesimama. Jamaa zetu wa International City wamebaki nusu, wengine wamerudishwa makwao, vyumba ambavyo watu walikuwa wanalala kwa zamu sasa vina vitanda vitupu. Bosi wako, arbab yule, amepata dereva mwingine, Mhindi wa Kerala, mpole kabisa, na samahani lakini anaosha gari vizuri kuliko wewe. Kiti chako amekisogeza mbele mpaka usukani karibu umguse kifua. Nilipokiona kimesogezwa vile nilikasirika, Athmani. Nilimnunia yule mtu wa watu wiki nzima bila kosa lake lolote.

Na mimi viza yangu inaisha. Arbab wangu aliniita barazani akaniuliza kama tuifanye tena upya, miaka mingine kama ile iliyopita, au basi. Hakunisukuma. Alisema nifikiri, nimjibu. Neema naye kule Muheza hanisukumi, ila siku hizi nikimpigia anamalizia kila simu kwa kuniambia mapazia ya chumbani yamefika na yamependeza. Wewe unajua mwanamke akisema hivyo anasema nini. Nyumba imekwisha, bwana. Imekwisha kweli, hadi bomba la nje. Na mimi mwenye nyumba nimelala humo siku chache mno, nikiingia gizani bado naipapasa swichi ya taa upande usio wake.

Nilikuwa tayari kusema ndiyo, nikuambie ukweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikakukumbuka wewe na ule wimbo wako wa kila msimu wa baridi: "Huu ndio wa mwisho, yakhe. Namaliza dari tu, narudi kwetu." Dari ikaisha, ikaja sakafu. Sakafu ikaisha, likaja tangi la maji. Tangi likapanda juu, likaja geti, eti nyumba haina heshima bila geti. Geti nalo waliliweka Likoni, mkeo Mwanaisha akakutumia picha, ukanionyesha mara mia. Lile geti lilifunguliwa mabawa yote mawili siku walipokuingiza wewe.

Basi nikamwambia arbab nitamjibu nikitoka bondeni. Akauliza bonde gani. Nikamwambia letu lile, nyuma ya Hatta, na kwamba naomba ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi, na ile Landkruza ya zamani, na hema. Akadhani nina wageni kutoka nyumbani. Nikasema hapana, naenda peke yangu.

"Peke yako?" Akacheka. "Hema utamsimamishia nani?"

Nikamwambia mimi mwenyewe, baba. Aliendelea kucheka kidogo, halafu akaniangalia vizuri, akaacha. Nadhani alikukumbuka. Aliingia ndani akarudi na funguo, akasema nichukue hema jipya, lile la zamani linavuja.

Na wewe unajua kwa nini ilinibidi niende. Ulisema mwenyewe, tena umechuchumaa unapepea mkaa, arbab zetu na familia zao wote wako majini wanapiga kelele, na moshi unakufuata wewe tu popote unapohamia. Ulisema, "Siku moja twaja sisi, Yohana. Wawili tu. Mie nalala hemani, nawe walala hemani, na hili gari lilale pekee." Tuliyarudia maneno hayo kila mwaka. Kila mwaka tulisimamisha mahema, tukatandika magodoro, tukachoma nyama, tukawachemshia chai, na usiku ukiingia tukalaza viti vya magari nyuma, wewe kwako mimi kwangu, vioo vimefunguliwa kidogo ili tusemezane. Hakuna aliyetuamrisha. Nilikuuliza mara moja kwa nini tusijilazie hata mkeka pale nje, ukaniambia mvua ikinyesha mlimani huku hakuna tone, maji yanakuja ghafla, na sasa wote wakiwa wamelala nani atayasikia maji? Sisi ndio masikio, ukasema. Nikakubali. Nilijiona mtu muhimu sana usiku ule.

Sasa nikusimulie safari.

Nimetoka asubuhi ya Ijumaa, barabara tupu, mji wote umelala. Nikapita kwenye ule mchanga mwekundu ambapo wazungu wanapenda kupiga picha za ngamia, halafu milima ikaanza kule mbele, ile ya kijivu isiyo na hata jani moja. Nikasimama pale kwa Mmalabari wetu wa chai ya maziwa. Akaniletea vikombe viwili bila kuuliza. Nilikunywa vyote viwili, na chako ulikizidisha sukari kama kawaida yako.

Nimeendesha kitambo kizima natokwa na jasho, nikajua homa hiyo inakuja. Kumbe kiyoyozi nimekifungulia nyuma! Nyuma kuna hema, mkaa na ndoo, vinapigwa na baridi safi, na mimi huku mbele shati limelowa. Na kioo, Athmani. Kila nikivuka tuta nachungulia kioo cha ndani nione kama madam ameamka. Nilijitukana kidogo, nikageuza kile kioo juu nisione kitu. Baada ya muda mfupi mkono umekirudisha wenyewe.

Lami ilipokwisha nikashuka nipunguze upepo wa matairi. Geji ninayo, mpya. Lakini nilifanya kama wewe: nikatoa upepo kwa ncha ya ufunguo, nikaminya tairi kwa kisigino, nikatoa tena, nikaminya tena, mpaka kisigino kikasema basi. Ulinifundisha hivyo msimu wangu wa kwanza, siku nilipoingia kwenye kokoto na matairi yamejaa tii kama natoka kituo cha mafuta, nikazama hadi kwenye mlango, na wewe ukaniambia kwa upole mkubwa kwamba huku si Korogwe. Sijawahi kukaa Korogwe. Mimi ni wa Muheza, na hadi unakufa ulikataa kuona tofauti.

Bonde halijabadilika. Nililifikia jua likiwa limepanda, na ukishuka ile njia ya mawe, kuta zinaanza kukukaribia pande zote, zinapanda, mpaka mbingu inabaki kipande chembamba tu juu yako. Nilizima injini. Miaka yote hiyo sikujua pale ni kimya vile. Tukifika sisi kuna watoto, kuna redio, kuna madam anauliza chumvi iko wapi. Safari hii nilisikia maji yakidondoka mahali fulani ndani ya mwamba, na nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Sikupenda mwanzoni. Nilifikiria hata kugeuza gari.

Halafu nikaingia majini. Ndiyo, mimi. Lile dimbwi la kijani ambalo tulikuwa tunasimama ukingoni na taulo za watu mabegani. Nilivua kila kitu nikabaki na kaptula, nikaingia polepole nikishikilia mwamba, na maji ni ya baridi, ndugu yangu, baridi ya kukata maneno. Nilipiga ukelele ambao mama yangu angeukana. Juu ya mwamba kulikuwa na mbuzi amesimama ananitazama, na wallahi nilimwona aibu. Nilikaa humo hadi vidole vikakunjamana. Unajua yale maji yana ladha gani? Hayana ladha yoyote, lakini nilitaka kujua, na sasa najua.

Jioni nikasimamisha hema. Nimelipandisha juu ya ukingo, mbali na njia ya maji, kama ulivyotaka siku zote. Gari nimelielekeza uso kwenye njia ya kutokea. Godoro nimelitandika, shuka nimeikunja pembe, mto mmoja. Nikawasha mkaa, nikachoma vipande vya mbuzi nilivyovilaza kwenye ndimu na pilipili tangu nyumbani. Na nimekula nyama ya moto, Athmani. Ikitoka motoni inaingia mdomoni, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Siku zote tulikula ya mwisho, ile iliyopoa na kukakamaa, wewe ukisema meno ni ya Mungu tusiyaonee. Nilikula hadi nikaona haya, nikakusomea Baba Yetu kimoyomoyo kwa sababu Fatiha siijui. Nilijua ungeelewa. Siku ya kukuosha pia nilisimama nje ya mlango na wenzako wakaingia, nikafanya hivyo hivyo.

Baada ya kula nikasafisha vyombo, nikamwagia mkaa maji, nikafunga zipu ya hema wadudu wasiingie, nikaingia garini, nikalaza kiti nyuma, nikafungua kioo kidogo. Nikalala.

Umesikia nilivyosema?

Niliamka kukipambazuka, shingo imekaza, miguu imekufa ganzi. Nikashuka bila kubamiza mlango, nikausindikiza kwa mkono. Nikawasha moto. Nikabandika birika, birika lako lile, nikatia tangawizi, nikatoa sinia na vikombe, nikavisuuza, nikavipanga. Nikavipeleka mbele ya hema nikitembea kwa vidole vya miguu, nikachuchumaa pembeni kusubiri zipu ifunguliwe.

Wakati huo gari lingine likawa linashuka bondeni, limebeba familia, na dereva wake, Mpatani mmoja wa Pakistani mwenye ndevu nyekundu, akasimama mbali kidogo akaja kwa miguu. Aliniamkia, akatazama hema, akaniuliza kwa Kiarabu chetu kile cha madereva kama arbab wangu amelala. Walitaka kushuka dimbwini na watoto, hawakutaka kusumbua.

Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Bado amelala. Msipige honi."

Akaweka mkono kifuani, akarudi kwa wenzake akinyata. Niliona akiwaashiria watoto wakae kimya. Watoto wakanyamaza, mama yao akanyamaza, familia nzima ya watu ikapita mbele ya hema langu kwa kunyata, kwa heshima ya mtu ambaye hayumo.

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilicheka kwanza. Nilicheka nikashika tumbo, nikajiziba mdomo kwa kiganja nisimwamshe, na hilo likanichekesha zaidi. Halafu sijui ilikuwaje, kicheko kikageuka. Sikukulilia hospitalini, Athmani. Sikukulilia uwanja wa ndege. Watu walidhani nina moyo mgumu, na mimi nikadhani hivyo hivyo. Nililia pale chini kwenye kokoto, chai inapoa, mtu mzima mwenye mvi, hadi kamasi.

Nilimkumbuka Mwanaisha. Nilipompigia baada ya mazishi, alinisimulia vituko vyako vya likizo, anacheka na sauti inakatika. Alisema umejenga chumba kizuri, kitanda cha mbao ya mvule, na ukija humo hulali. Anaamka alfajiri anakukuta barazani kwenye kiti, umekaa, umevaa viatu, kofia machoni. Anakuuliza wafanya nini hapa? Unamwambia napunga upepo. Nilicheka naye kwenye simu. Sikuelewa alichokuwa ananiambia, na labda hata yeye alikuwa hajui anachoniambia. Lakini mimi ndiye niliyepaswa kuelewa, kwa sababu likizo iliyopita Neema alinikuta sebuleni, nimeegemea kochi, simu mkononi, sauti imewekwa juu kabisa. Nilimwambia joto.

Na nikakukumbuka ulivyokufa. Nje ya duka kubwa, kwenye maegesho, unamsubiri arbab na mkewe wamalize kununua. Kiti umekilaza, kofia machoni, kioo umefungua kidogo. Watu wamepita na matoroli yao, hakuna aliyeshtuka, kwa nini washtuke? Dereva amelala garini. Arbab wako aliniambia aligonga kioo taratibu, tena akasubiri kidogo, hakutaka kukukatiza usingizi. Alikupenda yule mtu, usimwekee kinyongo. Alilia kuliko mimi.

Mimi sikuwa nimekwenda bondeni kama mgeni, ndugu yangu. Nilijipeleka mwenyewe kama dereva, nikajisubiri nje.

Basi nikanyanyuka. Nikanawa uso. Nikavua viatu mbele ya hema, nikafungua zipu, nikaingia, nikaifunga kwa ndani. Nililala chali. Rangi ya ndani ni ya machungwa jua likipiga, hatukuwahi kuijua hiyo, sisi mahemani tulikuwa tunaingia jioni tu, kutandika. Mwanzoni mwili ulikataa. Masikio yalikuwa nje yote mawili: hilo jiwe gani limeanguka, huyo mtoto wa nani, hayo maji au upepo? Nikajiambia maji yakija yaje, hema liko juu, mwenyewe nimelipandisha. Nikajinyoosha. Nikalala usingizi, Athmani, usingizi wa kukoroma, mchana kweupe, watu wanaogelea.

Nilipotoka, jua lilikuwa limesimama. Yule Mpatani alikuwa kwenye kivuli cha gari lake anamenya chungwa. Alinitazama mimi nimetoka hemani na nywele zimevurugika, akatazama gari langu tupu, akatazama tena hema kusubiri mtu wa pili atoke. Nikapasha chai nikampelekea kikombe. Nikamwambia hakuna mwingine, arbab alikuwa mimi. Alifikiri kidogo, halafu akacheka kwa nguvu, akanipiga bega, akaniuliza godoro likoje. Nikamwambia akitaka kulijua aingie ajilaze, mimi nitamwangalizia gari. Aliitazama familia yake kule majini. Akakataa, lakini kikombe alikunywa chote.

Jana jioni nilipomrudishia arbab funguo, nilimwambia khalas, baba. Viza ikiisha naondoka. Alizungusha tasbihi yake mkononi. Aliuliza sasa nani atawaonyesha njia ya bondeni, maana wao wameipita miaka yote wakiwa wamesinzia. Nikamwambia nitamfundisha dereva mpya kabla sijaondoka, hata ule ufundi wa kisigino. Akasema inshallah, na ilikuwa inshallah ya kweli, si ile ya kumkatalia mtu. Kisha Neema nikampigia. Aliposikia hakusema kitu kuhusu mapazia. Alisema tu, "Njoo."

Kwa hiyo naondoka, Athmani. Nakuacha Dubai, ingawa wewe uliiacha kabla yangu. Nitateremkia Mombasa kwanza. Nitavuka kivuko hadi Likoni, nitalisukuma hilo geti lako nione kama kweli lina heshima, nitampa Mwanaisha birika, na nitamwomba anipeleke ulipo. Nitasimama hapo kidogo. Sitakaa sana, usije ukaniuliza habari za Korogwe.

Halafu nitavuka mpaka, niende kwangu. Na nakuahidi hili mbele ya Mungu wako na wangu, ambaye nadhani ni mmoja: usiku wa kwanza nitaingia chumbani, nitavua viatu, nitafunga mlango kwa ndani, nitalala kitandani upande wa ukutani, mbali na mlango. Alfajiri Neema ndiye atakayeamka. Atanikuta nimelala.

Pumzika, ndugu yangu. Hakuna wa kumsikilizia maji tena.

Wako,
Yohana